Mwalimu wa Mwalimu Wako: Silsila ya Judo kutoka Tokyo hadi Kivu Kusini



Kijana anapotaka kufungua kilabu katika mtaa wowote wa Baraka, wazazi humwuliza mambo mawili: mchango kwa mwezi ni kiasi gani, na je, mtoto hatavunjika mkono? Maswali hayo ni halali. Lakini lipo la tatu ambalo naona linayatangulia yote mawili. Wewe uliyefungua kilabu hiki, nani alikufundisha? Na huyo aliyekufundisha, yeye alifundishwa na nani? Mahali penye amani ya siku nyingi swali hilo lingekuwa la heshima tu. Hapa Fizi, Kivu Kusini, ni swali la usalama. Tangu uasi wa Simba wa mwaka 1964, kizazi baada ya kizazi cha vijana wa milima hii kimefundishwa kupigana na wakubwa ambao hawakuwa na mtu wa kuwauliza walichokuwa wanakifanya. Anayemfundisha mtoto namna ya kumwangusha mwenzake, kumkaba shingo na kumkunja kiwiko ameshika jambo zito. Mzazi ana haki ya kujua jambo hilo limepitia mikono ya nani kabla ya kufika kwa mwanawe.

Leo nataka tuifuate silsila moja, ya judo, tangu chanzo chake mpaka kwa vijana wawili waliozaliwa Bukavu. Nimeichagua kwa sababu imeandikwa vizuri, na kwa sababu ina somo ambalo walimu wengi wa michezo ya mapigano hulipenda midomoni kuliko katika matendo: kwamba kuwa na mwalimu ni deni, na deni hilo hulipwa kwa mwanafunzi.

Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, katika ukoo wa watengenezaji wa pombe ya mchele. Alipopelekwa Tokyo kusoma, alikuwa kijana mwembamba, mfupi, mwenye akili darasani na asiyeweza kujitetea bwenini. Wenzake walimwonea. Akasikia habari za jujutsu, ufundi wa zamani wa samurai ambao humwezesha mtu dhaifu kumwangusha mwenye nguvu, akatamani kujifunza. Lakini jujutsu wakati ule ilikuwa inakufa. Utawala wa mashogun ulikwisha mwaka 1868. Mwaka 1876 samurai walikatazwa kubeba panga hadharani. Mabwana waliokuwa wakiwalipa walimu wa mapigano hawakuwapo tena, na watu wa mjini waliuona ufundi huo kuwa mambo ya kale yenye aibu. Walimu wengi wakaishi kwa kuunga mifupa, kwa kuwa anayejua jinsi kiungo kinavyoteguka anajua pia jinsi ya kukirudisha.

Kwa hiyo Kano alifanya jambo la busara: aliwatafuta waunga mifupa. Mmoja wao alimwelekeza kwa Hachinosuke Fukuda, mwalimu wa shule iitwayo Tenjin Shin'yo, na mwaka 1877 akaanza mafunzo katika chumba kidogo ambamo mzee huyo pia alitibu wagonjwa wake. Kano mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja mwalimu alimwangusha kwa mbinu asiyoielewa, akamwomba amweleze: mkono unawekwa wapi, mguu unapita vipi? Fukuda akamwita aje, akamwangusha tena. Akauliza tena, akaangushwa tena. Mwishowe mzee akamwambia kwamba angejua kwa kuangushwa mara nyingi, wala si kwa maelezo. Namheshimu mzee Fukuda, kwani bila yeye tusingekuwa hapa. Hata hivyo nadhani Kano alifanya vizuri kutoridhika na jibu lile, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kulitafutia jibu jingine.

Mwaka 1879 Ulysses Grant, aliyekuwa rais wa Marekani, alizuru Japani, na Fukuda akawa miongoni mwa walioonyesha jujutsu mbele yake. Kano, mwanafunzi wa miaka 18, alikuwamo katika onyesho hilo. Muda mfupi baadaye Fukuda alifariki akiwa na miaka 52. Familia yake ikamkabidhi Kano kilabu pamoja na maandishi ya siri ya shule, yale ambayo kwa desturi ya Kijapani humthibitisha mrithi.

Hapa nawaomba tukae kidogo. Kijana asiyefikisha miaka 20 amepewa chumba cha mazoezi, wanafunzi, na karatasi zinazosema kwamba yeye sasa ndiye mrithi. Wangapi wetu tungesimama hapo? Tungebandika jina mlangoni na kuanza kuitwa maître, yaani mwalimu. Kano alifanya kinyume. Alijipima, akaona hajajua vya kutosha, akaenda kukaa chini tena kwa Masatomo Iso, mwana wa mwanzilishi wa shule ile ile. Iso alikuwa amezeeka na hakupambana tena, lakini alizijua kata, yaani mbinu zinazofanywa kwa mpangilio maalumu watu wawili wakishirikiana, kwa uzuri ambao Kano hakuusahau. Mwaka 1881 Iso naye akafariki. Kano, ambaye sasa alikuwa amezika walimu wawili, akatafuta wa tatu: Tsunetoshi Iikubo wa shule ya Kito, shule yenye mkazo katika kuangusha kuliko kukaba na kukunja viungo.

Kwa Iikubo ndipo lilipopatikana lile jibu ambalo Fukuda hakulitoa. Kano aligundua kwamba mtu aliyesimama imara haangushwi hata na mwenye nguvu, ila kwa gharama kubwa, na kwamba mtu yule yule akivutwa au kusukumwa kidogo mpaka uzito wake utoke juu ya nyayo, huanguka kwa nguvu ndogo tu. Kwanza uvunje mizani ya mwili, kisha uingie, kisha uangushe. Wajapani huita hatua hiyo ya kwanza kuzushi. Siku moja, kwa kutumia ugunduzi huo, Kano alimwangusha mwalimu wake mara kadhaa mfululizo wakati Iikubo hakuweza kumwangusha yeye. Iikubo alitaka kujua sababu. Alipoelezwa, alikubali kwamba hana zaidi la kumfundisha katika kuangushana, akampa hati za shule ya Kito. Katika silsila nzima ya judo sijui tendo la mwalimu linalonigusa kuliko hilo. Mzee yule hakuona amevunjiwa heshima. Alimwuliza mwanafunzi wake, akasikiliza, akamthibitisha.

Wakati huo Kano alikwisha kufungua shule yake. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alikodi vyumba katika hekalu la Kibudha la Eishoji, Tokyo, akatandika mikeka 12 ya tatami, akaanza na wanafunzi tisa. Akaiita Kodokan, nyumba ya kujifunzia njia. Iikubo alikuwa akija pale kufundisha mara kadhaa kwa wiki, mwalimu ndani ya shule ya mwanafunzi wake. Sakafu ya hekalu haikujengwa kwa kazi hiyo. Mbao zilivunjika, na Kano alikuwa akiingia chini ya sakafu na taa usiku ili azitengeneze, kwani makuhani wa hekalu walilalamika kuhusu kelele na mitikisiko.

Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa Tsunejiro Tomita na Shiro Saigo. Mwaka 1883 aliwapa hao wawili daraja la kwanza, dan ya kwanza, na huo ndio mwanzo wa ngazi tunazozihesabu mpaka leo katika judo, karate na michezo mingine mingi. Kabla yake shule za jujutsu zilikuwa na hatua chache tu, kila moja ikiwa na karatasi yake ya siri na mara nyingi malipo yake, na mwanafunzi angeweza kungoja miaka mingi bila kujua amefika wapi. Kano alizigawa hatua hizo ziwe nyingi na fupi, akaziweka wazi, ili anayejitahidi aone maendeleo yake. Mbinu alizieleza kwa sababu zake, hadharani. Siri ilitoka, hesabu ikaingia.

Lakini jambo moja la zamani hakulitupa. Anayeingia Kodokan alitia sahihi kiapo chenye vipengele vitano, na kimojawapo kilimkataza kufundisha bila ruhusa. Kingine kilimfunga kushika kanuni za shule maisha yake yote, akiwa mwanafunzi na hata atakapokuwa mwalimu. Hebu tazameni: mbinu zinaelezwa kwa kila mwanafunzi, ila mamlaka ya kufundisha yanatoka kwa mtu anayejulikana. Sisi mara nyingi tumegeuza. Tunaficha mbinu ili tuonekane wakubwa, halafu cheo cha ualimu tunakichukua wenyewe.

Wazee wa Kibembe mliopo mnaujua bwami kuliko mimi, nanyi mtanisahihisha. Chama hicho, kinachojulikana kwa Wabembe na jirani zao Walega, kina ngazi, na hakuna anayeruka ngazi. Anayepanda huwa na mtu wa kumwongoza, hulipa, hufundishwa, na kila kitu anachokabidhiwa, iwe kofia au sanamu ndogo, huja na fundisho lake. Kitu kisicho na fundisho ni mti tu. Mke wa mwanachama naye hupanda pamoja na mumewe. Serikali ya Kibelgiji iliupiga bwami marufuku mwaka 1948, kwa sababu iliogopa mamlaka isiyoyaandika yenyewe. Nasema haya kwa sababu kuna wanaodhani kwamba mpangilio wa mwalimu, ngazi na alama ni kitu kilicholetwa kwetu na kimono. Watu wa nchi hii walijua zamani sana kwamba cheo hutoka kwa mtu mwenye cheo, mbele ya mashahidi. Mkanda mweusi ulionunuliwa sokoni hauwezi kumdanganya mzee aliyekulia katika desturi hiyo.

Silsila pia hupimwa kwa jinsi inavyowatunza waliosahauliwa. Shiro Saigo, mwanafunzi hodari kuliko wote wa kizazi chake, aliondoka Kodokan mwaka 1890 na hakurudi. Alipofariki mwaka 1922, Kano alimtunukia dan ya sita. Na kuna habari ya Keiko Fukuda, ambayo napenda mabinti wa Baraka waijue. Alizaliwa mwaka 1913, mjukuu wa yule Hachinosuke Fukuda, mwunga mifupa. Kano, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alikumbuka deni lake kwa mwalimu wake wa kwanza, akamwalika binti huyo kujiunga na idara ya wanawake ya Kodokan, naye akaanza mwaka 1935. Deni la mwaka 1877 lililipwa kwa mjukuu. Keiko hakuolewa, kwa kuwa ndoa katika desturi ya wakati ule ingemtaka aache mazoezi. Alikwenda Marekani kufundisha, akaishi San Francisco. Kwa miaka mingi alizuiwa kwenye dan ya tano kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kupita hapo. Mlango ulipofunguliwa aliendelea kupanda, na mwaka 2011 chama kimoja cha judo cha Marekani kikampa dan ya kumi. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 99. Miaka ile ni doa katika silsila hii na haifai kufichwa. Mwalimu wa leo anayewafundisha wavulana kuangushana na wasichana kuhesabu tu anaiendeleza kasoro ile ile.

Judo ilifikaje kwetu? Njia ilipita Ulaya. Kano alikuwa mwalimu wa serikali, aliongoza chuo cha ualimu cha Tokyo kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alisafiri sana, na wanafunzi wake walisafiri zaidi. Mikinosuke Kawaishi alianza kufundisha Paris mwaka 1935. Aliwatazama Wafaransa akaona hawana subira ya Wajapani, akatumia sana mikanda ya rangi, njano, chungwa, kijani, buluu, kahawia, ili mwanafunzi aone hatua kila baada ya muda mfupi. Mbinu alizipa namba badala ya majina ya Kijapani. Mwaka 1951 Ichiro Abe alifika Toulouse, akafundisha kama ilivyofundishwa Kodokan yenyewe, kwa mwendo na kwa majina yake. Wafuasi wa mabwana hao wawili waligombana kwa miaka kadhaa juu ya nani anayefundisha judo ya kweli. Baadaye Abe alihamia Ubelgiji, akafundisha huko hadi mwisho wa miaka ya 1960. Kongo ya Kibelgiji na Kongo huru zilipokea judo kwa lugha ya Kifaransa, na mikanda ya rangi tunayofunga Bukavu, Uvira na hapa ni ya mkondo huo wa Paris na Brussels. Abe aliishi miaka mia moja hivi, mpaka 2022, akiwa na dan ya kumi.

Katika miaka ile Ufaransa ilifanya jambo moja la maana. Mwaka 1955 ilitunga sheria kwamba hakuna anayeruhusiwa kufundisha judo kwa malipo bila diploma ya taifa. Mkanda mweusi peke yake ukawa hautoshi. Nafikiri hiyo ndiyo mojawapo ya sababu Ufaransa imekuwa nchi kubwa ya judo nje ya Japani: wazazi waliamini kwamba mtoto wao yuko mikononi mwa mtu aliyepimwa.

Pwani yetu ya Kiswahili nayo ina tawi lake. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia huko miaka ya 1980, alianza kufundisha judo katika miaka ya 1990, na Wazanzibari wanaosema leo wamefundishwa na fulani aliyefundishwa na Shimaoka wako karibu na chanzo kuliko wengi wetu. Lakini tawi linaloniita mimi ni jingine, nalo lilipitia vita.

Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilipofika kwao, mama yake aliuawa, naye akiwa na miaka tisa alikimbilia msituni, akazunguka humo siku nyingi peke yake kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa. Yolande Mabika, naye wa Bukavu, alizaliwa mwaka 1987, akatenganishwa na wazazi wake akiwa mtoto, akaishia Kinshasa pia katika makao ya watoto waliopotezwa na vita. Huko ndiko wote wawili walikofundishwa judo. Yupo basi mtu, au wapo watu, walioweka mkeka katika makao ya watoto yatima na kuwafundisha kuanguka bila kuumia. Popole alipata medali ya shaba katika mashindano ya Afrika ya vijana. Mnyororo uliotoka Eishoji ulikuwa umemfikia mtoto asiye na baba wala mama wa kumlipia mchango.

Hapo hapo mnyororo ukaharibika. Wote wawili wamesimulia kwamba waliposhindwa katika mashindano, makocha waliwafungia ndani na kuwapunguzia chakula. Mwaka 2013 walipelekwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia. Huko, kwa maelezo yao, waliachwa hotelini bila pesa na bila pasipoti zao. Wakatoka mitaani kuomba msaada, wakabaki Brazili kama wakimbizi.

Mwaka 1922 Kano alitangaza kanuni mbili ambazo alitaka ziwe msingi wa kila kitu Kodokan: nguvu itumike kwa namna bora kabisa, na ustawi wa mtu upatikane pamoja na ustawi wa mwenzake. Mwalimu anayemnyima mwanafunzi chakula kwa sababu ameshindwa amejitoa mwenyewe katika silsila hiyo, hata kama mkanda wake una dan nane na hati zake zina mihuri ya Tokyo. Silsila ya mwalimu humwambia mzazi wapi pa kwenda kuuliza. Baada ya hapo mzazi lazima aende akatazame kwa macho yake.

Waliowapokea Rio ni Instituto Reação, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2003 na Flávio Canto, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki ya Athens 2004, pamoja na mwalimu wake Geraldo Bernardes, mzee aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya Brazili. Kazi ya taasisi hiyo ni kufundisha judo kwa watoto wa mitaa ya makabwela. Judo ya Brazili ina damu ya Kijapani moja kwa moja, kwani wahamiaji walianza kufika kwa meli mwaka 1908, na medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi hiyo katika judo, shaba ya Munich 1972, ililetwa na mhamiaji, Chiaki Ishii. Bernardes amesimulia kwamba Popole na Yolande walipoanza mazoezi kwake waliwatupa wenzao kwa ukali wa kupita kiasi, kama watu waliozoea kuadhibiwa kila wanaposhindwa. Ilimbidi kwanza awafundishe kwamba unayefanya naye mazoezi amekuazima mwili wake. Ni mwalimu mzee aliyezoea mabingwa, na alianza nao kutoka hapo, kwenye salamu na kuanguka.

Tarehe 10 Agosti 2016, katika Olimpiki ya Rio, wote wawili waliingia mkekani chini ya bendera ya Olimpiki, wakiwa miongoni mwa wanamichezo kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo. Yolande alishindwa katika pambano lake la kwanza. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, huku uwanja mzima ukiliita jina lake. Siku mbili kabla, mwanafunzi mwingine wa Bernardes, Rafaela Silva, binti wa mtaa wa Cidade de Deus aliyezaliwa mwaka ule ule aliozaliwa Popole, alikuwa amechukua medali ya dhahabu. Na katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Popole alipambana ndani ya Nippon Budokan, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964, katika mji ule ule wa hekalu la Eishoji. Alishindwa na Krisztián Tóth wa Hungaria pambano la kwanza. Sioni huzuni katika hilo. Mtoto wa Bukavu alisimama mbele ya nyumba ya babu wa walimu wake wote, akainama kama inavyopasa.

Sasa nirudi kwetu, maana sikuja kuwapigia makofi watu wa Rio.

Wengi mlio hapa mmeishi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Lugufu, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na mkarudi kwa meli kutoka Kigoma. Wengine ni wageni wetu kutoka Burundi, wanaoishi Lusenda tangu 2015 na Mulongwe baadaye. Watu wa hapa wanajua kupoteza karatasi. Kijana anaweza kuwa alifundishwa vizuri sana kambini na asiwe na cheti hata kimoja. Sisemi afukuzwe. Kano mwenyewe alikuwa na hati za siri mkononi na bado alijiona hajafika, kwa hiyo hati si kipimo cha mwisho. Lakini anaweza kusema jina la aliyemfundisha, mahali, na mwaka. Anaweza kupimwa na mwenye daraja kutoka Uvira au Bukavu, mbele ya watu. Anayekataa kutaja jina la mwalimu wake, au anayesema alijifunza kwa kutazama filamu, aitwe mwanafunzi mpaka apate mwalimu.

Na jambo la kwanza la kupimwa liwe kuanguka. Japani yenyewe, nchi ya chanzo, kati ya 1983 na 2011 ilipoteza zaidi ya wanafunzi 100 waliokufa katika judo ya shuleni, wengi kwa majeraha ya kichwa, na wengi wakiwa wapya. Hao walikuwa na walimu wenye mikanda mieusi. Walikosa mwalimu wa kuwaambia wapumzike, wa kuwafundisha kukunja kidevu kifuani na kupiga mkeka kwa mkono kabla ya kuangushwa na mkubwa. Hatuna uwezo wa kununua tatami za Ulaya, lakini unga wa mbao wa mafundi seremala ukijazwa na kufunikwa kwa turubai lililovutwa vizuri hufanya mkeka unaomfaa mtoto. Mchanga wa ziwa unafaa kwa kujifunza kuanguka polepole. Saruji haifai kabisa. Mwalimu anayewaangusha watoto juu ya saruji asimamishwe siku hiyo hiyo, hata akiwa mjomba wangu.

Ninachoomba kutoka kwenu, maître, ni daftari moja la vilabu vyote vya Baraka na Fizi, liwe mikononi mwa mtu mnayemwamini wote, na mzazi yeyote aweze kulifungua. Kila mwalimu aandikwe humo: jina lake, jina la aliyemfundisha, mahali na mwaka, daraja lake na nani alimpa, na kama ana wasichana katika darasa lake. Mwalimu aliyefukuzwa kwa kumpiga au kumtumia vibaya mwanafunzi aandikwe pia, ili asivuke mto na kufungua kilabu kipya kijiji cha pili. Wanafunzi wa Lusenda na Mulongwe waandikwe katika daftari hilo hilo, bila kutengwa. Kambi hufungwa siku moja na watu hurudi makwao, na kijana atakayefika Rumonge au Bujumbura na mkanda wa kijani kiunoni ataulizwa nani alimfunga. Awe na jina la kutaja, na huku Baraka kuwe na ukurasa wa kulithibitisha.